Tatu ya Mguu wa Kulia

Jumatatu, 4 Machi

Baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri. Jana nilisahau kulichomeka gari kwenye umeme ili injini isigande usiku, kwa hiyo leo limekataa hata kukohoa. Nimetembea hadi uwanja wa barafu viatu vya kutelezea vikiwa begani. Nimefika masharubu yameganda. Hakuna aliyenipa pole.

Habari kubwa klabuni: Verna Stadnyk atafanya mtihani wa Walsi ya Ulaya Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Mwamuzi anatoka Winnipeg, makao makuu ya jimbo letu. Verna aliufeli mtihani huu akiwa na miaka kumi na tisa. Kisha akaolewa, akalima, akalea, akafiwa na mume. Sasa ana sitini na sita. Mwezi wa nne anawekewa nyonga ya bandia, na daktari amemwambia baada ya hapo walsi basi. Kwa hiyo ni sasa au kamwe.

Dansi ya barafu huchezwa na wawili, mwanamume na mwanamke. Katika klabu yetu wanawake ni wengi kama theluji. Wanaume tuko wawili: Abe Thiessen na mimi, Orest Chubaty. Verna angeweza kumchagua yeyote kati yetu.

Amemchagua Abe.

Abe ana miaka sabini na moja! Alikuwa daktari wa meno. Anateleza kimya, mgongo wima, hana maneno. Sijui wanampendea nini. Nimeumia. Naandika wazi kwa sababu hii ni shajara yangu: nimeumia sana. Verna akicheka, mimi husahau nilikuwa naelekea wapi.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata mbinu. Nitamshinda Abe kwa elimu. Nina kitabu cha istilahi za mchezo na nimekihifadhi chote. Abe hajui jina la nusu ya vitu anavyovifanya.

Baada ya mazoezi tulikaa wote kwenye kantini, na nikaanza kuwaelimisha bila kuombwa. Nikaeleza kwamba chini ya chuma cha kiatu kuna mfereji, na kila upande wa mfereji una makali yake: ya ndani na ya nje. Ukikanyaga yote mawili kwa pamoja, yaani bapa, wewe si mchezaji, ni mzigo unaosukumwa. Nikaeleza luts, kwamba huo ni mruko unaotoka kwenye makali ya nje ukienda kinyumenyume, na wengi huiba kwa kuhamia makali ya ndani dakika ya mwisho wakidhani hawaonekani. Nikaeleza twizo, ambayo ni kuzunguka kama pia kwa mguu mmoja huku unasonga mbele. Nikafika kwenye Mzunguko wa Mauti. Hapo mwanamume anasimama katikati na mwanamke anamzunguka akiwa amelala hewani, nywele zinakaribia kufagia barafu. Nikafafanua kwamba huo ni wa mchezo wa jozi, si wa dansi. Katika dansi mwanamke harushwi.

Verna akasema amefurahi kusikia harushwi.

Abe alikuwa anakula donati. Akafuta vidole akaniambia, "Orest, wewe ni kama menyu. Vyakula vyote umeandika, jikoni hakuna kitu."

Kantini nzima ikacheka. Verna pia. Nikacheka nao nionekane mkubwa. Nilipofika nyumbani sikula.

Jumatano, 6 Machi

Mbinu mpya. Hii haihitaji elimu.

Asubuhi nilimkuta Abe anafunga kamba za viatu. Nikamwambia kwa sauti ya huruma kwamba Verna ni mtu wa haya, hawezi kumwambia usoni, lakini angependelea mwenza mwenye damu changa kidogo. Mimi nina sitini na tatu. Abe alikaza kamba za kiatu cha pili. Kisha akasema, "Sawa. Mchukue wewe."

Hakubisha hata kidogo! Nikaenda kwa Verna. Nikamwambia Abe magoti yamemwisha, maskini, anaona aibu kusema, na amenikabidhi jukumu. Verna akakunja uso. Akaniuliza kama walsi ninaijua. Nikamwambia hatua zote naweza kuzitaja mbele na nyuma. Akasema hajauliza kuzitaja. Lakini siku zimebaki chache na mwanamume mwingine hayupo, kwa hiyo amekubali.

Amekubali! Kwa mara ya kwanza mwaka huu mipango yangu imekwenda kama nilivyopanga. Nimejipikia mayai matatu.

Alhamisi, 7 Machi

Kuna jambo dogo ambalo sikulitaja jana.

Walsi ya Ulaya, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ni tatu. Tatu ni hivi: unakwenda mbele kwa mguu mmoja, unageuka, unaendelea kinyumenyume kwa mguu uleule. Alama inayobaki kwenye barafu ni kama tarakimu 3, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Katika walsi hii mnashikana mkikabiliana, na mwanamume anafanya tatu za mguu wa kushoto, na anafanya tatu za mguu wa kulia.

Tatu yangu ya mguu wa kushoto ni safi. Ya mguu wa kulia sijawahi kuipata. Kila nikijaribu mwili unageuka na mguu unabaki, au mguu unageuka na mimi nabaki. Miaka sita sasa. Nimeificha kwa kupenda kwenda upande mmoja.

Lakini nusu ya walsi ninaiweza. Watu wengi wameingia kwenye mambo makubwa wakiwa na chini ya nusu.

Ijumaa, 8 Machi

Mazoezi ya kwanza na Verna. Kushika mkono wake! Mshiko wa walsi ni kama ukumbini: mkono wangu mgongoni kwake, wake begani kwangu, nyuso zikitazamana. Ananukia sabuni ya mrujuani. Upande wa kushoto tuliruka kama ndege.

Tulipofika upande wa pili nilitia hatua yangu mwenyewe. Naweka mguu wa kushoto chini haraka, nageuka kwa miguu miwili, naendelea. Kocha, Marlys Gudmundson, akazima muziki. Marlys ana koti refu linalofika kwenye vifundo na filimbi ambayo haipulizi kwa sababu sauti yake inatosha. Akauliza hiyo ilikuwa nini. Nikamwambia ni aina nyingine ya tatu, ipo Ulaya.

Akasema, "Orest, hiyo si aina ya tatu. Hiyo ni kuanguka polepole."

Verna hakucheka safari hii. Alikuwa anajishika nyonga.

Jioni nimejua kwa nini Abe hakubisha. Mjukuu wake ana mashindano ya hoki kule Brandon Jumamosi hiyohiyo, na alikuwa hajui atamwambiaje Verna. Uongo wangu umemwokoa yeye! Aliutambua tangu mwanzo. Amemwambia Marlys kwamba nilikuja kama nimetumwa na Mungu.

Jumapili, 10 Machi

Klabuni kuna ukanda wa rangi ya machungwa. Mtu ambaye muziki wake unapigwa anauvaa kiunoni, na wengine wote wanampisha. Ni sheria ya uwanja. Nikafikiri: nikiuvaa muda wote wa mazoezi ya wazi, barafu yote ni yangu, na tatu ya mguu wa kulia itapatikana hata kwa uchovu.

Nilifika mapema nikauvaa kabla mtu yeyote hajauona. Nikaweka muziki wa walsi ujirudie. Nikaingia barafuni kwa madaha, kidevu juu, mkono mmoja umenyooshwa.

Sikuwa nimevua ala.

Ala ni vile vifuniko vya plastiki vya kulinda makali mtu akitembea nje ya barafu. Ukiingia navyo barafuni ni sawa na kukanyaga siagi umevaa sahani. Kila mchezaji amewahi kufanya hivyo mara moja katika maisha yake, kwa kawaida akiwa na miaka saba. Mimi nilikwenda chali hadi katikati ya uwanja. Mabinti wadogo wa kundi la miruko walinizunguka kwa adabu. Kwa kuwa nilikuwa na ukanda, sheria ni sheria, wakaendelea kunipisha hapo nilipolala mpaka wimbo ulipoisha. Ukaanza tena.

Mmoja wao alinishauri nivue ala. Nikamwambia najua. Akasema, "Sasa mbona hujavua, babu?"

Jumanne, 12 Machi

Makalio ni ya zambarau. Nimefikiria kuugua. Nimefikiria pia kutorokea jimbo jirani la Saskatchewan.

Badala yake nimekwenda kwa Abe, kwa kisingizio cha kumrudishia koleo la theluji ambalo kusema kweli lilikuwa langu. Nikamwuliza, kama jambo la kupita tu, kwamba mtu akiwa na shida ya tatu ya mguu wa kulia, nasema mtu fulani, afanyeje.

Abe hakuuliza mtu gani. Akasukuma meza ya jikoni ukutani, akavua makubazi, akabaki na soksi kwenye sakafu laini. Wachezaji wote hapa hufanya hivyo nyumbani, soksi zinateleza vizuri. Akanionyesha: bega kwanza, kisha nyonga, mguu unafuata wenyewe, usiulazimishe. Nikajaribu. Ikatoka! Nikajaribu tena. Ikatoka tena! Mkewe alipita na kikapu cha nguo akanipigia makofi kwa mkono mmoja.

Nikamwambia Abe kwamba kumbe tatizo siku zote lilikuwa viatu, si mimi. Akasema, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni, Orest. Kesho nenda barafuni ufanye hivyohivyo taratibu, kila siku, mpaka Jumamosi. Na mwambie Verna ukweli ili ajue akushike vipi."

Nimefikiria ushauri wake njiani. Nusu ya kwanza haina maana kwa mtu ambaye tayari ameshaipata. Kesho nitapumzisha misuli.

Alhamisi, 14 Machi

Verna aliniita kwake chakula cha jioni. Holubtsi, yaani wali na nyama vilivyoviringishwa kwenye majani ya kabichi, na krimu juu, kama alizopika mama yangu Pasaka. Tulipomaliza sahani ya kwanza akaanza kusema.

Akasema ule mtihani wa kwanza alifeli kwa sababu mwenza wake alisahau hatua na kumburuta nje ya mstari. Yule kijana hakumwomba radhi, alimwambia angekuwa mwepesi zaidi. Verna akasema amepika, amezaa, amezika, na yote hayo hayamwamshi usiku. Linalomwamsha ni zile tatu. Anazijua. Siku zote amezijua. Anataka mtu mmoja mwenye kalamu azione na aandike kwamba amezijua, kabla hawajamkata mfupa.

Kisha akaniuliza, "Orest, ule upande wa kulia, uko sawa kweli? Niambie tu, sitakasirika. Nikijua, nitajipanga."

 Niliuona uso wake na nikaona aibu, aibu ya kweli, kama mtoto aliyekutwa mlangoni mwa stoo. Nilifungua mdomo kusema. Nakiapia kitabu hiki, nilifungua.

Akaniongezea holubtsi. Nikamwambia uko sawa kabisa.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa.

Mwamuzi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye blanketi magotini na termosi ya chai. Alikaa nyuma ya ubao unaozunguka uwanja akapuliza kalamu ipate joto. Verna alivaa gauni la buluu alilojishonea. Nilimwambia amependeza. Akaniambia nivue ala. Nikavua.

Muziki ukaanza. Upande wa kwanza: kushoto, safi, kushoto, safi. Niliwaza kwamba watu hawajui wanachokiona. Tukafika mwisho wa uwanja, tukapinda, ikaja tatu ya mguu wa kulia. Nikakumbuka jikoni. Bega kwanza! Bega likaenda. Nyonga! Nyonga ikaenda. Mguu unafuata wenyewe!

Mguu haukufuata. Mbele ya chuma kuna meno ya kuchimbia barafu wakati wa kuruka, na meno yangu yakachimba. Nikamwachia Verna. Hilo naliandika kwa herufi za kusomeka: nilimwachia. Nikaenda peke yangu kwa tumbo mpaka kwenye ubao, chini kabisa ya termosi.

Nikiwa pale chini nilisubiri muziki uzimwe. Haukuzimwa. Nikainua kichwa.

Verna alikuwa anaendelea. Mkono wa kulia uko juu hewani umeshika mkono usiokuwepo, wa kushoto uko juu ya bega lisilokuwepo, uso unamtazama mtu ambaye si mimi. Tatu, tatu, tatu. Makali ya nje yamezama mpaka unasikia barafu ikichanika. Alizunguka uwanja wote. Aliponipita mara ya kwanza hakunitazama. Mara ya pili alinikwepa kwa mpindo mmoja mzuri sana, wala hakupoteza mdundo. Marlys alikuwa ameziba mdomo kwa skafu. Nilijikuta nalia, na si kwa sababu ya mkono.

Muziki ukaisha. Marlys akamwuliza mwamuzi kama inakubalika. Mwamuzi akasema mtihani ni wa mama huyu, si wa bwana yule, na yeye amekuja kuona miguu ya mama huyu. Akaandika kwa muda mrefu. Kisha akageuza karatasi.

Amefaulu.

Verna alikaa kwenye benchi lile la pembeni ambalo wachezaji huita Busu na Machozi, kwa sababu hapo ndipo mtu husubiria alama zake. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, Marlys amemkumbatia na lile koti lote. Nikasogea nikichechemea. Nilitaka kuomba radhi. Verna akanishika shavu akasema, "Orest, asante. Umeanguka mapema. Ungechelewa kidogo tungeanguka wote."

Amenishukuru! Mbele ya mashahidi!

Maoni ya mwamuzi nimeyasoma juu ya bega la Marlys: "Mwanzo wenye wasiwasi. Baada ya mwenza kuondoka, makali yamezama, mdundo umetulia, umbo ni bora sana."

Jumatatu, 18 Machi

Kifundo cha mkono hakijavunjika. Nimeshangaa kidogo. Maumivu yalistahili zaidi.

Nimekuwa na muda wa kutafakari, na sasa mambo nayaona sawasawa. Mwamuzi ameandika kwa mkono wake kwamba ubora wa Verna ulianza pale nilipotoka. Kwa hiyo ubora ule chanzo chake ni kutoka kwangu. Abe angebaki naye mpaka mwisho, na pengine angemharibia. Ni wanaume wachache katika mchezo huu wanaojua wakati wa kuondoka. Kitabu changu hakina istilahi ya jambo hili, nimewaandikia wachapishaji.

Abe amerudi kutoka Brandon. Timu ya mjukuu wake imefungwa. Alinisikiliza nikimweleza haya yote, akanywa kahawa yake, akaniuliza kama sasa nimejifunza. Nikamwambia nimejifunza mengi. Akauliza lipi, taja moja. Nikamwambia sina haraka.

Mchana simu ikalia. Bernice Pelletier, mmoja wa wanawake wa klabuni. Anataka kufanya mtihani wa tango, dansi nyingine ya barafuni, kabla barafu haijaondolewa kwa ajili ya kiangazi, na alikuwa anaulizia namba ya Abe. Ana wasiwasi kwa sababu tango ina twizo, na mwanamume na mwanamke huifanya pamoja, wameachana mikono, karibu sana.

Nikamwambia kwa sauti ya huruma kwamba Abe, maskini, magoti yamemwisha na anaona aibu kusema. Bernice akasema jamani. Akauliza je, mimi? Twizo ninaiweza?

Nikamwambia ukweli mtupu: hajawahi kutokea mwanamke aliyefanya mtihani na mimi akafeli.